Shavu la Mama Kionjo

Katika jiko la shule ile ya bweni kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: sufuria haiondoki motoni mpaka Mama Kionjo aonje. Wangeweza kuja wakaguzi, angeweza kuja mkuu wa shule mwenyewe na tai yake, wanafunzi wangeweza kugonga vijiko mezani kwa njaa. Sufuria ingebaki pale pale ikitokota mpaka mama huyo achovye upawa, adondoshee mchuzi kwenye kiganja cha kushoto, alambe, afumbe macho kidogo, kisha aseme, "Bado," au aseme, "Pakueni." Ndiyo maana akaitwa Kionjo. Hilo la Mama alipewa kwa heshima tu, maana mtoto hakujaliwa. Aliolewa zamani akaachika, wazazi wakatangulia, na ndugu aliyebaki ni mdogo wake wa kike aliyeolewa mbali, ambaye walizungumza naye kwa simu siku za Jumapili.

Sasa mtu wa namna hiyo, ambaye kinywa chake ndicho kazi yake, maradhi yakaenda kumtafuta huko huko kinywani. Maradhi hayana adabu.

Yalianza siku ya nyama. Alikuwa ameukamulia mchuzi limau, akaonja, na kabla hajasema bado wala pakueni akahisi kitu kinakaza mbele ya sikio la kushoto, kinavuta kutoka ndani. Alipopeleka mkono akakuta shavu limejaa. Limejaa hasa, gumu, na kuligusa tu ni maumivu. Akadhani kaumwa na mdudu. Akadhani jino. Akamalizia kazi yake huku kashusha kitambaa cha kichwa upande ule, na jioni shavu likarudi mahali pake, akalisahau. Baada ya siku kadhaa likavimba tena. Kisha tena. Likawa mgeni asiyebisha hodi wala kuaga: linakuja, linakaa, linampiga ngoma tayani, halafu linajiondokea lenyewe.

Nyuma ya jiko kulikuwa na meza ndefu na mabenchi mawili. Wapishi walikula hapo wote pamoja baada ya wanafunzi kupakuliwa, na hapo ndipo Mama Kionjo alipokuwa na watu duniani. Nyumbani hakuwa na wa kumuuliza habari za kutwa, lakini mezani pale aliulizwa, akajibu, akatania na akataniwa. Kando yake aliketi siku zote Mzee wa Moto, aliyeshughulikia kuni na majiko, mtu wa maneno machache ambaye siku akikuambia "kweli" na "hapana" ujue amehutubia. Mbele yake aliketi mtunza stoo, funguo kiunoni na mzaha mdomoni. Huyo alikuwa hawezi kumwona kuku akivuka njia asimtungie jina.

Ikawa siku hizo nyama inapungua. Ilikuwa ikitoka stoo hivi, na ikifika kwenye sahani za watoto inakuwa vile. Nani aliyekuwa anaila? Hadi leo mimi sijui, na waliosema wanajua hawakujua pia. Huenda hakuna aliyekula. Nyama mbichi na nyama iliyoiva hazijawahi kuwa na kipimo kimoja, na hilo hata mtoto wa jirani yangu analijua. Lakini mtunza stoo alikuwa ameulizwa na wakubwa, na mtu akiulizwa na wakubwa hutafuta wa kumuuliza na yeye.

Siku hiyo aliingia jikoni wakati Mama Kionjo ndiyo kwanza ameonja, na shavu limeshapanda.

"Jamani njooni!" akapaza sauti. "Mama Kionjo, kionjo gani hicho kinajaza shavu? Hicho si kionjo tena, hicho ni kitoweo!"

Wakacheka. Naye alicheka, kwa sababu utani ni utani, na aliyezoea kutania hawezi kununa zamu yake ikifika.

"Na mimi nilikuwa najiuliza nyama inapitia njia gani," mtunza stoo akaongeza. "Kumbe njia yenyewe fupi tu."

Kicheko cha mara ya pili kilikuwa kingine. Kilichelewa kidogo, halafu kikaja kwa pamoja, na macho yote yakawa kwenye shavu lake. Mama Kionjo akaweka upawa chini. Akasema, "Angalieni basi." Akageukia dirisha penye mwanga, akapanua kinywa, akaingiza kidole na kulivuta shavu lile lile linalouma, ili waone mpaka ndani. Mwanamke mtu mzima, mpishi mkuu, amesimama katikati ya jiko lake na kinywa wazi, mate yanamchuruzika kidoleni, anakaguliwa. Walitazama. Kinywa kilikuwa kitupu.

 Kisha sauti moja ikatoka nyuma: "Ameshameza huyo."

Walicheka mpaka wengine wakashika kuta. Mimi nasema heri tusi kuliko kicheko cha aina hiyo. Tusi lina mwenyewe, unaweza kumfuata ukamwambia. Kicheko ni cha wote, hakuna wa kumshika. Mzee wa Moto alikuwa amesimama karibu naye na kuni mkononi. Hakucheka, hilo lazima lisemwe. Wala hakusema kitu.

Tangu siku hiyo Mama Kionjo hakula tena mezani. Alisema ana haraka, kisha akasema tumbo halijakaa sawa, kisha hakuulizwa tena. Chakula chake alikichukua kwenye bakuli lenye kifuniko na kwenda kukila kwake, chumba kimoja cha kupanga ambacho mlango wake ulitazama bomba la maji la wapangaji wote. Alishusha pazia kwanza. Aliketi kwenye kigoda, mgongo kwa dirisha, sahani mapajani, akitazama kabati la nguo. Alitafunia upande wa kulia polepole, na shavu la kushoto likipanda aliliwekea kiganja na kungoja. Alishajua kuwa ni chakula kinacholiamsha. Chachu ndiyo mbaya zaidi, chumvi inafuata. Kwa hiyo akaacha chachu, akaacha chumvi, akawa anakula wali mkavu na uji usio na kitu. Mtu anayelisha shule nzima anakula chakula ambacho mgonjwa wa wodini angekirudisha.

"Dada, sauti imechoka," mdogo wake alimwambia Jumapili moja. "Unakula kweli?"

"Nakula, mdogo wangu. Umesikia wapi mpishi kafa njaa?"

Wakacheka wote wawili, wakaagana. Hakumwambia habari ya kicheko cha jikoni. Angeanzaje? Dada mkubwa anampigia mdogo wake simu kumweleza kuwa ameitwa mwizi wa minofu? Akaiweka simu juu ya kabati na chumba kikawa kimya. Alikuwa mpweke. Nimetafuta neno la kulipaka jambo hilo sukari kidogo, sikulipata.

Mficha maradhi kifo humuumbua, nalo hilo alilijua, kwa hiyo maradhi hakuyaficha. Alikwenda zahanati. Tabibu, kijana mwenye haraka, akamgusa chini ya sikio na kusema ni matubwitubwi.

"Si ya watoto hayo, daktari?"

"Hata wakubwa huyapata."

Akapewa vidonge, akavimaliza, na shavu likavimba siku ile ile alipomaliza. Jikoni habari ilikuwa imeshafika kabla yake. Mtunza stoo akatangaza kuwa Mama Kionjo sasa ana matubwitubwi, na kwamba wiki ijayo ataota meno ya utotoni. Meno hakuota, badala yake aling'olewa moja. Daktari wa meno alilishuku gego la juu, akalitoa, na lilipotoka likaonekana zima kabisa, jeupe, halina hata doa. Masikini gego la watu. Uvimbe haukujali, ukaendelea na ratiba yake.

Ndipo alipoanza safari za hospitali kubwa, na hapa pana makosa mawili ambayo lazima niyaeleze vizuri, kwa sababu bila hayo asingeteseka muda ule wote.

La kwanza lilikuwa la urithi. Mama yake aliwahi kurudishwa nyumbani bila kupimwa damu kwa sababu alikuwa amekunywa kikombe cha chai, na tangu siku hiyo nyumba nzima ikawekewa amri: hospitali huendwa na tumbo tupu. Mama alishakufa lakini amri ikabaki. Kwa hiyo Mama Kionjo alifika alfajiri bila hata funda la maji kooni, akakaa foleni, na alipoingia kwa daktari, shavu lilikuwa limelala kama shavu la mtu yeyote. Daktari alibonyeza huku, akabonyeza kule.

"Uvimbe wenyewe uko wapi, mama?"

"Leo haujatoka."

"Huwa unatoka wakati gani?"

Na hapo ndipo lilipokuwa kosa la pili, lake mwenyewe. Jibu lilikuwa neno moja tu: nikila. Lakini neno hilo lilikuwa limemfia mdomoni. Kula ndiko alikotuhumiwa. Kila alipotaka kulisema alisikia benchi zima likicheka, akaona funguo zikitikisika kiunoni mwa mtu. Kwa hiyo akasema, "Nikiwa kazini, daktari. Jikoni."

Basi madaktari wakaufuata moshi. Mmoja akasema ni moshi, akae nao mbali. Mpishi akae mbali na moshi! Mwambie na mkulima asiguse udongo. Mwingine akasema ni joto. Wa tatu akapima tezi ya shingo, akapima damu, akapima presha, vyote vikatoka safi, na akamwuliza kwa upole, "Una mawazo, mama?"

"Ninayo."

"Ndiyo hayo." Akampa vidonge vya usingizi.

Aliyemuumiza zaidi ya wote alikuwa mwema kuliko wote. Alimwambia, "Likivimba tena, mwambie mtu wa nyumbani akupige picha na simu, uniletee nione." Mama Kionjo akaitika vizuri, akashukuru, akatoka. Simu yake ilikuwa ya vitufe, ya kupiga na kupokea tu, lakini shida haikuwa simu. Alitembea mpaka kituoni akiwapitisha kichwani watu wa nyumbani, na orodha ikaisha kabla hajaianza.

Huko jikoni naye alikuwa ameacha kuonja. Mtu akiingia aliuficha upawa. Kisha hata asipoingia mtu hakuonja, akapika kwa kukisia, kwa kukumbuka, kwa kunusa. Pua ni jirani wa ulimi, si ulimi. Wali ukatoka hauna chumvi, maharage yakatoka yana chumvi ya watu wawili. Sheria ile ya jiko ikafa kimyakimya, na siku wanafunzi walipomwaga maharage sahani kwa sahani kwenye ndoo za taka, mkuu wa shule akamwita ofisini.

Mkuu alikuwa mstaarabu, na ustaarabu wake ulimfanya mtu ashindwe hata kukasirika. "Mama, wewe ni mtu wetu wa miaka mingi," alisema. "Lakini chakula kimeharibika, na stoo wanasema maneno. Mimi siyaamini. Ila niletee maelezo ya daktari kabla muhula haujaisha, nijue nina mgonjwa. Nisipopata, itabidi jiko nimpe mwingine, wewe nikuweke usafi wa mabweni."

"Mimi ni mpishi, mwalimu."

"Najua, mama. Ndiyo maana nimekuita."

Maji yakawa yamemfika shingoni. Usafi wa mabweni ni kazi ya heshima, sisemi lolote juu yake. Lakini angepita na ndoo yake mbele ya dirisha la jiko kila siku, na kila mtu angesema, unaona, kumbe ilikuwa kweli.

Safari ya mwisho alipangiwa daktari wa masikio, pua na koo, mwanamke wa makamo aliyekuwa na mafua yake mwenyewe na leso mkononi. Alisoma faili lote, jambo ambalo Mama Kionjo hakuwahi kuliona likifanyika. Alibonyeza shavu tupu, akarudi kukaa, akafikiri.

"Mama, huwa linavimba ukila?"

Mama Kionjo akasimama. Hata yeye hakujua kama amesimama.

"Mimi sili jikoni, daktari! Sijawahi kula nyama ya watoto wa watu, hata mfupa sijaramba. Naonja tu, kwenye kiganja, hivi, hivi! Nani kakwambia? Wamefika mpaka huku?" Na machozi yakamtoka, yale aliyokuwa ameyabana tangu siku ya kufungua kinywa, yakatoka yote mbele ya mgeni.

Daktari alisahau kupenga. Akamwacha alie mpaka amalize, kisha akasema taratibu, "Mimi sijui habari ya nyama, mama. Nimeuliza habari ya shavu. Ukitia chakula mdomoni, linavimba?"

"Linavimba."

"Kila mara?"

"Nikionja chachu, ni papo hapo."

"Na leo umekula nini?"

"Sijala. Hospitali huendwa na tumbo tupu."

Daktari akaweka leso chini, akamtazama, akatikisa kichwa polepole, akamwita muuguzi. "Nitafutie limau. Kokote. Hata jikoni kwa wagonjwa."

Limau likaja limekatwa. Mama Kionjo alilishika akalitazama. Hajala mbele ya macho ya mtu tangu lini?  "Nitageuka ukutani ukitaka," daktari akasema, na aligeuka kweli. Mama akafyonza. Daktari aliporudisha uso wake, shavu lilikuwa limeshapanda, limesimama, na hapakuwa na mtu aliyecheka.

"Fungua kinywa, mama." Akafungua. Tochi ikaingia, kidole chenye glavu kikafuata, kikapapasa ndani ya shavu mkabala na pengo la lile gego lisilo na hatia. Kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo, kikasimama tena.

"Kipo," daktari akasema. "Weka kidole chako mwenyewe. Hapo."

Kilikuwa kidogo, kigumu, kama kijiwe cha kwenye mchele ambacho macho ya mpishi yamekikosa. Daktari akamweleza kwa maneno ya kawaida: mbele ya sikio kuna tezi inayotengeneza mate, mate yanapita kwenye mrija mpaka kinywani, na humo kwenye mrija kimejijenga kijiwe. Ukila, tezi inatoa mate, mate yanakuta mlango umezibwa, yanajaa. Usipokula, yanashuka. Basi. Si matubwitubwi, si moshi, si mawazo. Atachomwa ganzi, kitatolewa kwa mkato mdogo ndani ya shavu, na ataandikiwa maelezo ya kumpelekea mwajiri.

"Umekuja na nani?" muuguzi alimwuliza siku ya kutolewa kijiwe, akitaka mtu wa kumshika mkono kwenda nyumbani.

"Nimekuja mwenyewe."

"Hamna mtu wa kumpigia?"

"Yupo mdogo wangu, ila yuko mbali." Wakamlaza kwenye benchi la korido mpaka ganzi ikapungua, akaondoka na pamba shavuni.

Mkuu wa shule aliyasoma yale maelezo mwenyewe, kisha akashuka nayo jikoni akawasomea wapishi wote, neno kwa neno, maana alikuwa mstaarabu. Wakasema pole. Walisema pole nyingi sana, kila mmoja na yake. Mtunza stoo akaja mpaka mbele yake, akashika funguo zake zisilie, akasema, "Lakini Mama, si tulikuwa tunataniana tu? Wewe mwenyewe unatujua."

"Nawajua," alisema.

Siku hiyo alichovya upawa, akadondoshea kiganjani, akalamba, akafumba macho. "Pakueni." Na watoto walipokwisha kula wakamwita mezani, wakamsogezea nafasi ile ile kando ya Mzee wa Moto. Akaketi. Akapeleka kijiko cha kwanza mdomoni, akatafuna, akaona meza yote imenyamaza. Vijiko vilikuwa vimesimama. Hawakuwa na nia mbaya, lakini wote walikuwa wanalitazama shavu lake la kushoto, wanangoja kama watu wanaongoja maziwa yachemke. Akatafuna. Akameza. Shavu halikupanda.

"Kweli bwana," mtunza stoo akasema. "Halivimbi." Wakacheka kwa raha, wakaendelea kula, na mazungumzo yakahamia kwenye mambo mengine. Mama Kionjo alimaliza sahani yake yote bila kusikia ladha ya kitu. Walikuwa wameiamini karatasi, na baada ya karatasi wakaliamini shavu. Yeye mwenyewe alikuwa bado hajaaminiwa na mtu.

Wengine walipotawanyika alibaki kusugua masufuria. Mzee wa Moto naye alibaki, anapanga kuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Alikohoa. Akakohoa tena.

"Mama," akasema. "Siku ile ulipofungua kinywa. Mimi nilikuwa karibu yako kuliko wote."

"Ulikuwa karibu."

"Niliona. Hamkuwa na kitu mle. Niliona vizuri kabisa."

Mama Kionjo akaacha kusugua. "Mbona hukusema?"

"Wangesema tunakula wote wawili." Akatazama kuni zake. "Nikasema moyoni, yatapita. Na kuwaambia wale, wangenisikia?"

Alimtazama mzee huyo, mtu aliyegusana naye mabega benchini miaka nenda miaka rudi. Hakuwa na hasira naye, na hilo ndilo lililomuuma.

"Si lazima ungewaambia wao," akasema. "Ungeniambia mimi."

 Mzee wa Moto akainama kuchochea moto uliokuwa umeshazimika.